Wenela, Machona, Manamba: Wazazi wa Migodini Katika Maneno ya Waliobaki Nyumbani

Historia ya kazi za ugenini katika kusini na mashariki ya Afrika imeandikwa kwa wingi, na sehemu kubwa yake imetokana na majalada ya waajiri na ya serikali za kikoloni. Majalada hayo yana fadhila yake. Yanatuambia ni watu wangapi waliovuka mpaka, walilipwa nini, na wangapi walikufa kwa homa ya mapafu. Lakini yalimhesabu mtu mmoja mmoja, tena mwanamume, tena mzima wa mwili. Kwamba mtu huyo alikuwa baba wa watoto, mume wa mtu na mwana wa wazee waliomtazamia, hilo halikuwa na safu yake katika daftari. Waliobaki nyumbani nao walikuwa na daftari lao, nalo ni lugha. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza baadhi ya maneno yaliyozaliwa na safari hizo, tukiyachukua kuwa ni ushahidi wa kihistoria kama ushahidi mwingine wowote: unaohitaji kupimwa, unaoweza kupotosha, na ambao aghalabu husema jambo ambalo karani hakuulizwa aliandike.

Kiini cha mambo ni dhahabu ya Witwatersrand, ambayo uchimbaji wake ulianza mwaka 1886. Almasi ya Kimberley ilikuwa imetangulia, na ni huko Kimberley, mwaka 1885, ndiko ulikoanza mtindo wa kuwafungia wafanyakazi Waafrika ndani ya kambi zenye ukuta kwa muda wote wa mkataba wao. Ila ni dhahabu iliyoufanya mtindo wa kambi za wanaume watupu kuwa desturi ya nchi nzima. Dhahabu hiyo ilikuwa nyingi kwa jumla lakini haba ndani ya mwamba. Tani nzima ya mawe ilitoa gramu chache tu, na mawe yenyewe yalikuwa chini sana ardhini. Bei yake haikupangwa na wenye migodi, na mashine zilikuwa ghali. Kikabaki kitu kimoja ambacho wenye migodi waliweza kukibana, nacho ni ujira wa Mwafrika. Ili wasishindane wao kwa wao katika kumtafuta, waliunda mwaka 1900 chombo kilichoitwa Witwatersrand Native Labour Association, na mwaka 1912 wakaongeza Native Recruiting Corporation, iliyoshughulikia Afrika Kusini yenyewe pamoja na Basutoland, Bechuanaland na Swaziland.

Hoja iliyosimamisha ujenzi huo wote ilitamkwa bila haya. Mchimbaji, ilisemwa, ana shamba kwao. Mkewe na wanawe wanakula shambani. Basi ujira wake wafaa kuwa wa mtu mmoja. Wenye migodi waliirudia hoja hii mbele ya tume ya serikali iliyochunguza mishahara ya wachimbaji mwaka 1943, na Harold Wolpe, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1972, aliigeuza kuwa nadharia ya chimbuko la utengano wa rangi wenyewe. Mwaka huo huo wa 1972 Francis Wilson alionyesha kwa tarakimu kwamba thamani halisi ya mshahara wa mchimbaji Mwafrika mwaka 1969 haikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa mwaka 1911. Kwa maneno mengine, baba wa watoto wanne alilipwa kama mseja kwa karibu miaka sitini, na tofauti ikalipwa na jembe la mkewe.

Tuanze na maneno ya kuondokea. Herufi za mwanzo za jina la kile chombo cha mwaka 1900, yaani W, N, L na A, zilipata irabu katika vinywa vya watu, zikawa Wenela. Kwa mwanaisimu hakuna la ajabu hapo, kwani lugha za Kibantu huzipenda silabi wazi. Lililo muhimu ni kwamba Wenela halikubaki kuwa jina la kampuni. Lilikuwa mahali mtu anakokwenda, lilikuwa njia anayoipitia, na lilikuwa hali aliyo nayo. Mtu aliweza kuwa yuko Wenela bila msemaji kujua ni mgodi gani, mji gani, wala mchimbaji yu hai au la. Ujinga huo haukuwa wa msemaji. Mwajiri ndiye aliyempangia mtu mgodi wa kwenda baada ya kumfikisha Johannesburg, kwa hiyo hata mwenye safari hakuweza kumwambia mkewe anwani yake siku ya kuagana.

Jina la Teba lina historia ya kinyume chake, na linachekesha kidogo. Mmoja wa wakuu wa Native Recruiting Corporation aliitwa H. M. Taberer, na watu wa Lesotho na wa mashariki ya Rasi waliifupisha ofisi yake kwa jina lake, wakaiita Teba. Mashirika yale mawili yalipounganishwa mwaka 1977, wakubwa walitafuta jina la Kiingereza ambalo herufi zake za mwanzo zingetoa neno ambalo watu walikwisha kulizoea, wakalipata: The Employment Bureau of Africa. Mara ya kwanza watu walifanya neno kutokana na herufi za kampuni; mara ya pili kampuni ilitunga herufi kutokana na neno la watu. Mtafiti anayeokota maneno haya na ajihadhari, maana kamusi ikimwambia kuwa Teba ni kifupisho, itakuwa imemwambia nusu ya habari.

Katika Kixhosa na Kizulu mkataba wenyewe uliitwa joyini, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kujiunga. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wampondo walikuwa na msemo wa joyini inkomo, ambao twaweza kuufasiri kuwa ni kujiunga kwa ng'ombe. William Beinart, katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya uchumi wa Mpondoland, anaeleza utaratibu wake. Wakala, ambaye mara nyingi alikuwa mwenye duka, alitoa ng'ombe mapema; ng'ombe akaingia zizini; kijana akaenda migodini kumlipia. Wazee walikuwa na sababu yao ya kuupenda utaratibu huu. Kijana aliyelipwa fedha mkononi huko mbali aliweza kuzitapanya au kupotea nazo, ambapo ng'ombe aliyekwisha fika nyumbani hawezi kurudi Johannesburg. Hapa basi mzazi ndiye aliyebaki na mwana ndiye aliyekwenda, na ujira ulipita juu ya kichwa cha mchumaji hadi kwa baba yake. Serikali ilipoyapiga marufuku malipo hayo ya ng'ombe, kamba iliyoufunga ujira kwenye zizi ikalegea. Kijana yule yule, miaka kumi baadaye, ndiye aliyekuwa baba aliye mbali, na sasa hakuna aliyekuwa na ng'ombe wa kumdhamini.

Tusije tukadhani, kwa haya, kwamba mchimbaji alikuwa mtu aliyesukumwa tu kama gogo mtoni. T. Dunbar Moodie na wenzake Waafrika, waliozungumza na wachimbaji wazee wa Kimpondo kwa ajili ya kitabu kilichotoka mwaka 1994, waliwakuta wakiieleza kazi ya mgodini kwa neno umzi, yaani mji wa mtu, boma lenye mke, watoto, mifugo na makaburi. Kwenda chini ya ardhi ilikuwa namna ya kujenga umzi. Hata neno lao la uanaume, ubudoda, hawakulifunga kwenye nguvu za mwili wala kwenye ushujaa wa shimoni. Lilihusu kuusimamia mji na kuwasaidia watu, kiasi kwamba mke aliyeushikilia mji vema wakati mumewe hayupo aliweza naye kusifiwa kwa neno hilo. Wachumi waliona mseja anayelipwa ujira wa mseja. Yeye alijiona mwenye mji ambaye kwa sasa yuko mbali na mji wake.

Kwetu Afrika Mashariki, jirani wa karibu wa maneno haya ni manamba. Mashamba ya mkonge ya Tanga na ya Morogoro yalitaka watu kutoka mbali: Ukinga, Ubena, Uha, hadi Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha Sisal Labour Bureau, ambayo watu waliiita Silabu. Mtu aliyeandikishwa alipewa namba, na namba ikawa jina lake. Kiambishi ma- katika manamba kimewashughulisha baadhi ya wenzetu, wanaokiona kuwa ni cha dharau. Sisi hatuoni hivyo. Tunasema pia mabwana, maaskari na makarani, na hakuna anayedhani kuwa bwana anadharauliwa. Dharau ya neno manamba imo katika shina lake: mtu mwenye jina, ukoo na watoto amefanywa tarakimu. Wala tarakimu haikuwa peke yake. Kipande, ambacho awali kilikuwa hati ya kuandikia siku thelathini za kazi, nchini Kenya kiligeuzwa na sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kuwa cheti cha lazima chenye alama za vidole, ambacho mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Na kibarua, hati ndogo aliyopewa mtumwa wa Unguja aliyekodishwa kwa siku ili agawane ujira na bwana wake, limekuwa jina la kazi yenyewe na la mtu anayeifanya. Ni ajabu ya Kiswahili, na ni ajabu ya huzuni, kwamba majina yetu ya mfanyakazi wa chini yametokana na karatasi alizopewa.

Hapa pana kishawishi ambacho inafaa tukiepuke. Kule Rhodesia ya Kusini kazi ya kulazimishwa iliitwa chibaro, neno ambalo Charles van Onselen alilifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1976, na Msumbiji wakasema chibalo au xibalo. Kuna wanaolihusisha mara moja na kibarua. Huenda ni kweli, kwa kuwa maneno ya kazi husafiri pamoja na wafanyakazi. Lakini kufanana kwa sauti si nasaba, na mpaka mtu atakapotuonyesha njia ambayo neno lilipitia, pwani kwa pwani na kambi kwa kambi, ni heri tuyaweke mawili hayo kando kwa kando bila ya kuyaoza.

Xibalo, hata hivyo, latusaidia kuuelewa upande wa Msumbiji. Kwa wanaume wa kusini ya mto Save, kazi ya lazima chini ya Wareno ndiyo iliyofanya mgodi wa Afrika Kusini uonekane kuwa nafuu. Ureno nayo ilifanya biashara. Mkataba wa mwaka 1928 kati ya serikali mbili hizo uliweka muda wa kazi kuwa miezi 12, na nyongeza ya 6, kisha mtu arudi kwao. Uliruhusu sehemu ya ujira izuiwe, alipwe mchimbaji akisharudi. Na baadaye Ureno ilikuwa ikikabidhiwa sehemu hiyo kwa dhahabu, kwa bei rasmi, ikiiuza kwa bei ya soko na kubaki na faida. Tofauti na hesabu hizo za juu, kijijini palikuwa na hesabu nyingine, ambayo Patrick Harries ameieleza kwa utulivu. Aliyekwenda mara ya kwanza aliitwa mamparra, mshamba asiyejua kitu. Aliyerudi aliitwa magaiza, na kurudi kwake kulikuwa kama kutoka jandoni. Alikuja na sanduku, nguo, na fedha ya mahari. Asiyekwenda alichelewa kuoa. Hivyo ndivyo mgodi ulivyoingia katika mlango wa ndoa: mtu alikwenda ili awe baba, na alipokwisha kuwa baba ilimpasa aende tena.

Sasa tufike kwenye maneno ya kungojea, ambayo kwa maoni yetu ndiyo mazito zaidi.

Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, haikuwa na migodi ya kutajika. Ilikuwa na kodi ya kibanda na ilikuwa na watu. Watu hao walikwenda Rhodesia na Rand kwa njia nyingi, na kila njia ikapata jina. Waliokwenda kwa mkataba walikwenda Wenela. Waliokwenda kwa miguu yao bila mkataba waliitwa selufu, maana walijipeleka wenyewe. Magari ya bure yaliyowekwa na serikali ya Rhodesia ya Kusini yaliitwa Ulere, yaani bure, na chombo cha kuajiri kilichofuata baada ya Vita Vikuu vya Pili kiliitwa Mthandizi, yaani msaidizi, jina ambalo hatujui kama lilitolewa kwa shukrani au kwa kejeli. Na wale waliokwenda wasirudi, wala barua wala fedha yao isirudi, waliitwa machona. Kamati ya serikali iliyoichunguza hali hii mwaka 1935 ililitia neno hilo katika taarifa yake ya Kiingereza na kulifasiri kuwa ni waliopotea. Tangu hapo karibu kila mwandishi wa historia ya Malawi amelinukuu kwa tafsiri hiyo.

Tafsiri hiyo haitoshi. Kitenzi cha Kichewa ambacho neno hilo limetokana nacho chahusu kukaa mno ugenini, kukawia hadi kukawia kukawa makazi. Anayepotea hajui njia. Machona anaijua njia ila haifuati. Kisotho kina neno la namna hiyo hiyo, lekholoa, kwa wingi makholoa, ambalo Colin Murray alilikuta likitumika Lesotho kwa mume aliyeondoka akaiacha nyumba yake bila matunzo. Kiswahili nacho si maskini hapa. Tuna kulowea, yaani kwenda mahali pa kigeni na kukaa huko moja kwa moja. Lakini angalia yaliyolipata shina hilo. Mlowezi, katika karne ya 20, lilikuwa jina la Mzungu aliyekuja kuchukua ardhi ya Kenya. Kwa hiyo neno lililofaa kwa baba wa Kisii au wa Bunyore aliyelowea Mombasa lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine pamoja na shamba lake.

Machona ni neno linalotazama kutoka upande mmoja. Mwajiri hakumwita mtu machona. Kwake huyo alikuwa mfanyakazi wa kudumu, au, kama alikimbia mkataba, mtoro. Mtu mwenyewe hakujiita machona ila kwa mzaha au kwa toba. Ni neno la kizingitini, la mke na la mama mkwe, na kwa kuwa ni neno la mwenye kudai, linaweka hatia yote juu ya mdaiwa. Hapo ndipo mwanahistoria anapopaswa kuwa macho. Serikali ya Nyasaland ililipenda neno hili kwa sababu liliufanya ukiwa wa vijiji uonekane kuwa ni upungufu wa tabia za waume. Kodi haikutajwa ndani ya neno. Sheria za pasi, zilizomzuia mchimbaji asimlete mkewe mjini, hazikutajwa. Wala hazikutajwa homa za mapafu, ambazo ziliua watu wa nchi za joto kwa kiwango kikubwa hata serikali ya Afrika Kusini ikapiga marufuku mwaka 1913 kuajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo ya 22, marufuku ambayo iliondolewa katika miaka ya 1930. Baadhi ya walioitwa machona walikuwa wamekufa. Mke aliyemlaani mumewe kwa miaka kumi pengine alikuwa akimlaani maiti, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Pamoja na hayo hatukubaliani na waandishi wa siku hizi wanaotaka kulifuta neno hili kama masalio ya ukoloni. Lilikuwa la watu kabla halijawa la kamati. Linalinda kumbukumbu ya dai la haki: kwamba mtoto ana sehemu katika jasho la mzazi wake, popote mzazi huyo alipo, na kwamba mfumo wa uchumi, hata ukiwa na hatia kiasi gani, haumwondolei mtu mmoja mmoja deni lake lote. Kuna baba waliopita katika kodi ile ile, pasi zile zile na kambi zile zile, wakaleta fedha. Waliobaki nyumbani walijua tofauti ya wawili hao, na wakaitia katika lugha.

Swali la fedha lenyewe Lesotho ilijaribu kulijibu kwa sheria. Sheria ya mwaka 1974 ililazimisha asilimia 60 ya ujira wa mchimbaji izuiwe na kupelekwa katika benki ya taifa, achukue mwenyewe akisharudi. Taifa lilipata mtaji. Mke hakupata haki ya kuchukua fedha hizo kwa jina lake, na mwezi kwa mwezi alitegemea kile ambacho mume alikituma kutokana na asilimia iliyobaki. Wachimbaji wenyewe walilalamika, maana mtu aliyelazimishwa kuweka akiba hawezi kumtumia mtoto karo inapodaiwa. Murray, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alikwisha onyesha kwamba hapakuwa na nyumba ya wenye mshahara na nyumba ya wakulima katika Lesotho; palikuwa na nyumba zile zile, ambazo mwaka huu zina mtu migodini na zinalima, na mwaka ujao hazina mtu na haziwezi kulima, kwa kuwa mbegu na ng'ombe wa kukodi vilitokana na mshahara. Hoja ya wenye migodi ilikuwa imepinduliwa: shamba halikumlisha mchimbaji, mchimbaji ndiye aliyelilisha shamba.

Wanawake nao walisafiri, ingawa majalada hayakuwapangia safu. Basotho wengi wa kike walikwenda mijini kutengeneza pombe na kufanya kazi za nyumbani, mpaka Afrika Kusini ilipoubana mpaka kwa sheria ya mwaka 1963. Ushairi mkubwa wa safari hizo, lifela tsa litsamaea-naha, yaani tungo za wasafiri wa nchi, ambao David Coplan ameuchunguza kwa kirefu, hutajwa zaidi kuwa ni wa wanaume. Lakini wanawake walikuwa na nyimbo zao za vilabuni, na sauti ya mama aliyeacha watoto kwa bibi yao imo humo. Migodi ilipoanza kupunguza watu katika miaka ya 1990, ni binti za wachimbaji walioingia katika viwanda vya nguo vya Maseru na Maputsoe na katika majiko ya Johannesburg. Yanayotokea leo Kenya, ambako mama anakwenda Saudia kwa njia ya ajenti na kulea watoto wa mwingine huku wake wakilelewa na nyanya yao, si mapya kama magazeti yanavyodhani. Jipya ni simu: mtoto wa leo huiona sura ya mama kila jioni.

Tumesema juu ya maneno. Tuseme sasa juu ya lugha nzima, maana hapa ndipo kuwako na kutokuwako kwa wazazi kulikoacha alama kubwa kuliko zote. Lugha ya migodi ya Rand ni Fanakalo. Haikuzaliwa migodini, kwani ilitangulia Natal na mashariki ya Rasi katika karne ya 19, lakini ni migodi iliyoikuza. Msingi wa msamiati wake ni Kizulu, na nyongeza ni Kiingereza na Kiafrikana; jina lake lenyewe latokana na maneno ya kumwelekeza mtu afanye kama hivi. Mamilioni ya watu waliisema kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo haikupata wasemaji wa kuzaliwa nayo. Kwa kawaida lugha ya mchanganyiko ikisemwa na watu wengi hivyo kwa muda mrefu hivyo, watoto huirithi na kuifanya lugha kamili. Fanakalo haikurithiwa kwa sababu ilisemwa mahali ambapo watoto walikatazwa kuwapo. Ina neno la mtoto, pikanini, lenye asili ya Kireno. Migodini neno hilo lilikuwa cheo cha mtu mzima aliyembebea fundi Mzungu vyombo vyake.

Linganisha na Katanga. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière, iliyokuwa ikihangaishwa na uhaba wa watu, ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu wafanyakazi walete wake zao, ikiwapa nyumba, posho ya mke na ya watoto, na shule za wamisionari. Haikuwa hisani. Kampuni ilitaka kizazi cha pili cha wafanyakazi, na ilizikagua nyumba hizo kama ilivyokagua mashine zake. Watu walitoka Kasai, Rwanda, Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, na lugha iliyopendelewa kambini, kwa sababu ambazo Johannes Fabian alizieleza mwaka 1986 na ambazo kwa sehemu zilihusu hofu ya Wabelgiji juu ya uvutano wa Waingereza wa kusini, ilikuwa Kiswahili. Baba alikijua kibovu. Mama alikijua kibovu zaidi. Watoto walikichukua hicho hicho wakakinyosha kwa kanuni zao wenyewe, na Edgar Polomé alipokieleza Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, alikuta lugha yenye sarufi yake. Mwaka 1965 wafanyakazi wa zamani wa majumbani walikuwa wamekwisha kuiandika ndani yake historia ya mji wao, kwa mkono wa André Yav. Hatuna kitabu cha namna hiyo kwa Fanakalo, na hatutazamii kukipata.

Twajua kuna watakaosema kwamba Kiswahili kilikuwa na heshima ya kale ambayo Fanakalo haikuwa nayo, na kwamba hilo latosha kueleza tofauti. Halitoshi. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ng'ambo tu ya mpaka, Fanakalo iliitwa Chikabanga na ilichukiwa. Pale familia zilipoishi mjini, kilichokua ni Kibemba cha mjini, ambacho hakikuwa na pwani wala vitabu vya kale nyuma yake. Kilichokuwa nacho ni watoto uwanjani.

Mfumo huo wa Rand ulianza kufumuka kwa haraka ambayo wenye migodi hawakuitazamia. Tanganyika iliufunga mlango wa Wenela baada ya uhuru wa mwaka 1961, na wanaume wa Rungwe waliokuwa wakienda kusini wakarudi. Tarehe 4 Aprili 1974 ndege ya Wenela iliyowachukua wachimbaji wa Malawi ilianguka Francistown, Botswana, kwa sababu ya mafuta yasiyofaa. Watu 78 walikufa, na Rais Banda akasimamisha uajiri, wakati ambapo Wamalawi zaidi ya 100,000 walikuwa migodini. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na katika miaka miwili idadi ya watu wake migodini ikashuka hadi chini ya nusu. Ruth First na wenzake wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane waliwauliza wachimbaji hao na jamaa zao, wakatoa taarifa mwaka 1977. Yeye mwenyewe aliuawa Maputo tarehe 17 Agosti 1982 kwa bomu lililotiwa katika barua.

Vumbi la mwamba halikufumuka na mfumo. Lilibaki mapafuni mwa wachimbaji na kurudi nao nyumbani, na waliowauguza ni wake wale wale ambao jembe lao lilikuwa limefidia ujira. Tarehe 26 Julai 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha mapatano kati ya kampuni sita za dhahabu na wachimbaji waliokuwa wameshtaki kwa pamoja, na mfuko ulioitwa Tshiamiso ukaundwa kuwalipa wagonjwa wa vumbi la silika na wa kifua kikuu kilichotokana na kazi, pamoja na warithi wa waliokufa. Mfuko huo unahusu waliofanya kazi katika migodi iliyotajwa kati ya tarehe 12 Machi 1965 na tarehe 10 Desemba 2019. Mjane wa Lesotho au wa Gaza ataulizwa vyeti vya kazi vya mumewe na ushahidi wa ndoa yake. Mjane wa Rungwe, ambaye mumewe alirudi Tanganyika ilipoufunga mlango, hataulizwa kitu, kwa kuwa mumewe alikwisha kutoka shimoni kabla ya tarehe ya kwanza ya hesabu.